Hivi kapu kwenye maandishi ya picha ya Waazteki ni kipimo, ni neno, au ni kapu tu?

#1 Mtoro wa Hesabu
Wakuu heshima kwenu. Kuna kitu kinanikosesha usingizi naomba wenye nondo mshuke.

Nimekuwa napitia Codex Mendoza mtandaoni, ile kodeksi (kitabu cha kale cha picha) iliyochorwa Mexico miaka ya 1540 hivi wakati wa gavana wa Kispania Antonio de Mendoza, sehemu ya pili yote ni orodha ya kodi, mji gani ulikuwa unalipa nini kwa watawala wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki. Sasa nenda folio 36, yaani karatasi ya 36, mkoa wa Tlachco, siku hizi panaitwa Taxco. Kuna kapu dogo limesukwa vizuri, na limechomekwa alama kama kijiti chenye manyoya. Maandishi ya Kispania yanasema hivyo ni vikapu 400 vya copal nyeupe, utomvu wa mti wa kufukizia. Folio 37 mkoa wa Tepecoacuilco, tena vikapu 400 vya copal.

Kilichochorwa ni kapu MOJA. Kile kijiti cha manyoya ndo namba, kinaitwa tzontli, maana yake 400. Mimi naona hapo kapu halijachorwa ili tulione kapu, ni kizio cha hesabu kama sisi tunavyosema debe au kilo, yaani mchoraji angeweza kuweka duara tu na mambo yakaenda. Nani anabisha?

#2 Chapombe Mstaafu
Naweka kambi hapa. Kahawa na kashata ziko wapi.

#3 Bi Ukili
Mimi nabisha mwanangu. Nimefungua huo ukurasa, nimelikuza hilo kapu mpaka simu imekuwa moto. Mtu anayechora duara tu hajisumbui kuweka misuko. Hapo kuna mistari inayopishana, na mshazari wake unafuatwa, haukwaruzwi ovyo. Mimi nimekulia Pemba nasuka tangu sijaanza kuona vizuri kwenye sindano, najua tofauti ya mtu aliyewahi kushika miyaa na mtu anayekisia. Aliyechora hilo alikuwa anajua kapu linasukwaje au alikuwa amekaa na wanaosuka.

Kitu kingine, ukitazama mikeka kwenye kodeksi hiyo hiyo, msuko wake ni mwingine, mapana kwa mapana. Kwa hiyo alitaka tujue hii ni mkeka na hii ni kapu. Kama ni kizio tu cha hesabu, tofauti hiyo ya nini?

#4 DaktariFeki
Tatizo mnawapa sifa za bure. Hawa jamaa hawakuwa na maandishi, walikuwa wanachora chora tu kama watoto wa chekechea. Kapu ni kapu, jogoo ni jogoo. Hao si ndo wale wa kalenda ya 2012 mwisho wa dunia na piramidi la Chichen Itza?

#5 Kalamu Nyekundu
DaktariFeki umeingia chaka mapema hivi? Chichen Itza ni Wamaya, kule Yucatán, lugha nyingine, maandishi mengine. Hapa tunaongelea Wamexica, ndo hao Waazteki, na majirani zao wa bonde la Mexico, waliokuwa wanasema Kinahuatl. Na jogoo hawakuwa naye kabla ya Wahispania, walikuwa na bata mzinga.

Haya kwenye maandishi. Majina ya miji na watu waliyaandika kwa picha zinazosomeka kwa matamshi. Mfano miji mingi inaishia na -tlan, yaani mahali penye kitu fulani. Mahali huwezi kupachora, basi wanachora MENO, kwa sababu jino kwa Kinahuatl ni tlantli. Ukiona mti na chini yake meno mawili, usidhani mti unauma, soma jina la mji. Miji inayoishia -tzinco wanachora kiwiliwili cha chini cha mtu, kuanzia kiunoni, makalio yakiwa yameonekana, kwa sababu sauti ya tzin inapatikana hapo. Tollantzinco ni matete juu, makalio chini.

Msomi Mfaransa Aubin aliliona hili karne ya 19. Mwaka 2008 mtafiti Alfonso Lacadena akatoa jedwali la alama za silabi, wengine wakampinga wakisema amevuta mno, na Gordon Whittaker naye ana namna yake ya kuzisoma. Kwa hiyo ugomvi wa "ni maandishi au si maandishi" wataalamu wenyewe bado wanatupiana.

Na kapu limo kwenye ugomvi huo. Folio 20, kwenye kurasa za mwanzo za kodi za miji, yupo Petlacalcatl, msimamizi wa Petlacalco, ghala la kodi. Petlacalli ni kasha la kusukwa lenye mfuniko. Alama yake ina msuko wa mkeka. Pale huhesabu makapu, unasoma cheo cha mtu.

#6 Chapombe Mstaafu
Yaani mji mzima unaitwa kwa makalio na mstahiki meya anasaini hivyo hivyo? 😂😂 Nimechelewa kuzaliwa.

#7 Dalali wa Ilala
Mi naungana na Mtoro #1. Niko kwenye nyanya mwaka wa kumi na kitu. Mkisema tenga kwenye daftari hakuna mtu anayewaza fito, ni mzigo, ni bei. Lakini hapo hapo kuna kesi: tenga la nani? Maana yupo anayeleta tenga lililopigwa kichwa juu mpaka limekuwa lumbesa, yupo anayeweka majani chini nusu nzima, na wote wanaandika "tenga 1". Nimeshapigwa hasara ya mzigo wa gari zima kwa sababu aliyepakia na aliyepokea kila mtu alikuwa na tenga lake kichwani.

Kwa hiyo swali langu kwa wasomi, hao watoza kodi walijuaje vikapu 400 vya Tlachco ni sawa na vikapu 400 vya ule mji mwingine? Kama kapu lilikuwa halina saizi moja hiyo kodi ilikuwa ya mdomo tu.

#8 Mtoro wa Hesabu
Dalali hapo umegonga msumari. Na ndo maana nasema kizio. Angalia namba zao: kidole au duara ni 1, bendera ni 20, kijiti cha manyoya ni 400, na mfuko wa ubani ni 8,000. Kwenye kakao wanachomeka bendera juu ya mzigo, ukiona bendera tano ujue ni 100. Xoconochco, kule mbali karibu na Guatemala, walilipa mizigo 200 ya kakao. Hiyo ni hesabu ya kikaratasi cha ghala hasa.

Halafu kuna yale makapu makubwa ya mraba ya mahindi na maharage, yamewekwa juu juu ya kurasa nyingi, yale nayo ni kizio cha ujazo.

#9 Seremala Mwitu
@Mtoro yale ya mraba siyo makapu. Ni maghala ya mbao, angalia mistari yake imenyooka na pembe zinakutana, mbao zimelazwa moja juu ya nyingine. Wahispania wameandika "troxes", maghala ya nafaka. Ndani au juu yake wameweka alama ya mahindi, maharage, chia au mchicha wa nafaka. Mchoraji anatofautisha ubao na utepe, na hii inampa nguvu Bi Ukili #3.

#10 Mtoro wa Hesabu
Sawa ghala la mbao. Bado ni kizio.

#11 Msee wa Puebla
Sasa wasee, niko Mexico kwa masomo, state ya Puebla, nimeona nichangie kidogo. Hii lugha haijakufa, sensa ya 2020 ilipata zaidi ya watu milioni 1.6 wanaoongea Kinahuatl, na kuna siku nimesimama soko la Cuetzalan nikiskiza mama wawili wakibishana bei na sikupata hata neno moja la Kispanyola.

Kapu wanaliita chiquihuite hata wale hawajui Kinahuatl. Nyumba nyingi huku mezani kuna chiquihuite ya tortilla (chapati za mahindi), mdomo mpana, halijaenda juu sana, linawekwa kitambaa ndani, tortilla zinapangwa zikiwa moto, kisha kona za kitambaa zinafunikwa juu. Yale magumu yanatengenezwa na otate, ni kama mwanzi mdogo lakini ndani umejaa, haina uwazi, wanaipasua vipande vyembamba. Kingo inazungushiwa vipande viwili, moja ndani moja nje, inafungwa. Ukiweka kidole kwa hiyo kingo unaskia vile imekaza.

Huko Cuetzalan pia wanasuka na maganda ya mti unaitwa jonote, rangi yake ni kahawia kama ya kodeksi kabisa.

#12 Bi Ukili
Msee wa Puebla ahsante sana mwanangu. Hebu niambie, kitako chake kinaanzwaje? Msalaba au kinaanzwa kama mkeka halafu kinapandishwa?

#13 Msee wa Puebla
Yale nimeona, mama, kitako ni mraba, kama mkeka, halafu vipande vinakunjwa juu, ikifika mdomo imekuwa duara. Chini pembe nne, juu mviringo.

#14 Bi Ukili
Basi tazameni. Kwenye kodeksi chini ya kapu pamechorwaje? Hapaonekani. Limechorwa kwa ubavu tu. Lakini mkeka kwenye folio 61, ile ya harusi, bibi na bwana wamekaa nguo zimefungwa fundo, mkeka umechorwa kama unautazama kutoka darini, na watu waliokaa juu yake wamechorwa kwa ubavu. Mchoraji huyo huyo, ukurasa huo huo. Anageuza kila kitu upande ule ambao kinajulikana vizuri. Mkeka ukiutazama kwa ubavu ni mstari tu, kapu ukilitazama toka juu ni tundu tu. Huyo hachori kama chekechea, Daktari.

#15 DaktariFeki
Mama nimekuelewa ila bado haimaanishi ni maandishi. Hata alama ya choo cha kike ina sketi.

#16 Kalamu Nyekundu
Alama ya choo huwezi kuandikia jina la mjomba wako. Hawa waliandika majina ya watu. Matrícula de Huexotzinco ya mwaka 1560, iko maktaba ya taifa ya Ufaransa kule Paris, ni sensa ya walipa kodi wa eneo hilo la Puebla, kichwa kimoja baada ya kingine, kila kichwa na alama ya jina lake. Utaipitia mpaka uchoke, majina hayaishi.

#17 Mjukuu wa Bagamoyo
Jamani hiyo copal ya #1 mnaipita kama hamuijui. Si ndo sandarusi? Babu yangu alikuwa anasimulia watu walivyokuwa wanachimba sandarusi mrima, wanaipeleka Unguja, Wamarekani wa Salem wananunua kwa ajili ya vanishi. Vitabu vyote vya Kizungu vinaiita Zanzibar copal.

#18 DaktariFeki
Kwa hiyo tuliwauzia Waazteki? Nilijua tu tuna mkono kwenye hii kitu.

#19 Kalamu Nyekundu
Hapana. Jina ndo lilisafiri. Copalli ni la Kinahuatl, Wahispania wakalichukua, baadaye wafanyabiashara wa Ulaya wakalibandika kwenye kila utomvu mgumu wa kufanana, ikiwemo sandarusi yetu. Miti ni tofauti, ya Mexico inatoka kwenye jamii ya Bursera, ya kwetu ni Hymenaea, msandarusi. Na biashara ya Salem na Unguja ni ya karne ya 19, miaka 300 baada ya hiyo kodeksi.

Ila Mjukuu umeleta jambo. Mikoa hiyo hiyo ya Tlachco na Tepecoacuilco ilitoa copal ya aina mbili: vikapu 400 vya nyeupe iliyosafishwa, na matonge 8,000 ya isiyosafishwa yamefungwa majani ya mti wa jamii ya mnazi. Iliyosafishwa inapewa kapu, mbichi inafungwa jani. Hapo kapu linatuambia daraja la bidhaa. Sijui Mtoro unasemaje, maana kizio cha ujazo hakiwezi kusema ubora.

#20 Mtoro wa Hesabu
Nasema chai na sukari hazifungwi sawa dukani na bado vyote vina kilo. Unaweza kuwa na vizio viwili, kapu kwa hii na tonge kwa ile. Sijashindwa.

#21 Mswahili wa Muscat
Salaam. Mnaamini mno hayo maandishi ya Kispania pembeni. Mmesoma mwisho wa kodeksi? Aliyeandika maelezo analalamika kwamba alipewa muda mfupi sana, siku kumi kabla merikebu hazijaondoka, hakupata nafasi ya kuyasafisha. Na anaomba radhi kwamba makuhani wa Kimexica amewaita "alfaquí" na mahekalu ameyaita "mezquita"!! Yaani faqihi na msikiti. Wahispania walikuwa wametoka kupigana na Waislamu wa Granada mwaka 1492, kila dini wasiyoijua wanaitia kwenye kapu la Waislamu. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka Mhindi wa meza ya pili akaniuliza kulikoni.

Sasa mtu aliyeita hekalu la Tenochtitlan msikiti, akikwambia hicho ni "kikapu" utamshika neno? Labda kilikuwa kifuko, labda ni jamanda lenye mfuniko, yeye kaandika canastilla ili awahi boti.

#22 Chapombe Mstaafu
Imamu wa Tenochtitlan 😂😂😂 jamani uzi huu usifungwe.

#23 Seremala Mwitu
Na boti lenyewe halikufika. Inasemwa lilitekwa na maharamia wa Kifaransa, kodeksi ikaangukia kwa Mfaransa André Thevet, jina lake kaliandika humo na mwaka 1553. Baadaye Mwingereza Hakluyt akainunua, mwisho ikaingia maktaba ya Bodleian, Oxford, mwaka 1659, ipo hadi leo. Ni safari ndefu kwa orodha ya vikapu.

#24 Kalamu Nyekundu
Hoja ya Muscat ni nzito lakini ina dawa. Kuna Matrícula de Tributos, iko Mexico City, orodha ya kodi zinazokaribiana sana na za Mendoza, imechorwa kwenye karatasi ya amate, magome ya mti, na ina maelezo ya Kinahuatl pia. Wengi wanaiona ni ya zamani kidogo kuliko Mendoza, au zote zimenakili kitu kimoja. Waliochora hawakuwa na haraka ya merikebu. Haraka ilikuwa ya mtafsiri. Picha ni za wachoraji wenyeji, tlacuilo kama wanavyoitwa, ndo maana mimi namsikiliza Bi Ukili kabla ya kumsikiliza Mhispania.

#25 Sista Ndumilakuwili
Wanaume mmekaa kwenye kodi na mizigo tu. Fungueni folio 57, mtoto anazaliwa. Mkunga, beseni la maji, mkeka wa matete. Upande mmoja vitu vya mtoto wa kiume: ngao na mishale, na zana za kazi, fundi mbao, fundi wa manyoya, mchoraji, fundi dhahabu. Upande mwingine vitu vya mtoto wa kike: ufagio, pia ya kusokotea uzi, na KIKAPU. Basi.

Hapo kikapu hakina namba wala si jina la mji. Kinasema huyu ni mwanamke, na maisha yake haya hapa. Maana hiyo mmeiruka wote.

#26 Dalali wa Ilala
Sista lakini si ni kikapu cha kuwekea pamba na nyuzi tu? Kinaenda pamoja na hiyo pia ya kusokotea.

#27 Sista Ndumilakuwili
Ndio ni cha kazi yake. Na ufagio nao ni wa kufagilia tu. Ila vikiwekwa vitatu pamoja mbele ya mtoto ambaye hata macho hajafungua, si ufagio tena huo, ni hukumu. Tena wa kike hapewi uchoraji japo Wamexica walikuwa na wachoraji wanawake, ipo picha ya mwanamke anachora kwenye Codex Telleriano-Remensis. Huyo wa folio 57 kapewa kikapu.

#28 Bi Ukili
Sista, kikapu si tusi mwanangu. Mimi kimenisomeshea watatu.

#29 Sista Ndumilakuwili
Mama sijatukana kikapu 🙏 nimemtukana aliyegawa.

#30 Fumbo Mfumbie
Naona mmesahau upande wa lugha ya wazee. Kwenye Kinahuatl cha heshima walikuwa wanaunganisha vitu viwili kupata kitu cha tatu. Maji na mlima kwa pamoja ni mji. Ua na wimbo ni ushairi. Na "in toptli, in petlacalli", mfuko na kasha la kusukwa, ni SIRI. Mtu wa kutunza siri unasema ana mfuko na kasha. Padri wa Kispania Sahagún ameliweka hilo kwenye kazi yake kubwa ya vitabu 12, ile inayoitwa Florentine Codex, iliyokamilika 1577 hivi.

Kwa hiyo mlipa kodi akiona kasha la kusukwa kwenye karatasi ya serikali, haoni chombo tu. Anaona kitu kilichofungwa cha mkubwa ambacho hakichunguliwi. Na yule Petlacalcatl wa Kalamu #5 ni mtu wa ghala na mtu wa siri kwa wakati mmoja. Katibu muhtasi, kwa maneno mengine.

#31 Mtoro wa Hesabu
Fumbo hiyo tamu ila unavuta mno. Karani wa ghala anayehesabu mikeka hana muda wa mashairi. Cuauhtitlan peke yake walipeleka mikeka 4,000 na viti vya matete 4,000, hiyo ni 400 mara kumi, mara mbili. Mtu huyo anataka kulala mapema.

#32 Fumbo Mfumbie
Karani wa ghala ndo anazo mashairi kuliko wote, hujawahi kukaa na karani wewe.

#33 Dalali wa Ilala
Turudi kwenye mzigo basi maana swali langu #7 limeachwa. Walibebaje?

#34 Seremala Mwitu
Mgongoni. Hawakuwa na punda wala gurudumu la mkokoteni. Wachukuzi wanaitwa tlameme, mzigo unakaa mgongoni kwenye kapu au kwenye fremu ya mbao inayoitwa cacaxtli, kamba ya mecapal inapita kwenye paji la uso. Bernal Díaz, askari aliyekuja na Cortés, kamanda wa Wahispania walioivamia Mexico, anasema mzigo wa mchukuzi ulikuwa arroba mbili, hapo ni kama kilo 23, kwa umbali wa legua tano (kipimo cha umbali cha Kispania) halafu anapokea mwingine.

Ndo pengine jibu la Dalali. Kipimo chenyewe ni shingo ya mchukuzi, kapu linafuata. Ukipiga lumbesa anaanguka njiani.

#35 Dalali wa Ilala
Hii nimeikubali kuliko zote. Ila copal wamesema "canastilla", kikapu kidogo, na kodeksi inaandika "mzigo" kwenye kakao na siyo kwenye copal. Kwa hiyo kikapu cha copal si mzigo mzima. Mchukuzi mmoja anabeba vikapu vingapi? Mbona mnaniacha hewani tena.

#36 Mtoro wa Hesabu
Dalali, na ukishajua kapu ni kubwa kiasi gani unakwama kwenye mara ngapi. Mhispania anasema vikapu hivyo 400 vililipwa kila siku 80. Mwaka wao ni miezi 18 ya siku 20, yaani 360, na siku 5 za nuksi. Gawanya 360 kwa 80 unapata nne na nusu. Nusu! Kodi gani inalipwa mara nne na nusu?

#37 Kalamu Nyekundu
Kodi ilikuwa inaangukia sikukuu nne: Tlacaxipehualiztli, Etzalcualiztli, Ochpaniztli na Panquetzaliztli. Ukizihesabu kwenye miezi yao, ya kwanza mpaka ya pili siku 80, ya pili mpaka ya tatu siku 100, kisha 80, kisha 100 na zile siku 5. Kwa hiyo ni mara nne, na "siku 80" ya Mhispania ni nusu ya ukweli. Vikapu 400 mara nne ni 1,600 kwa mwaka kwa mkoa mmoja.

#38 Mswahili wa Muscat
Nilisema mimi. Siku kumi kabla ya merikebu.

#39 Mtoro wa Hesabu
Lakini kuna kurasa ameandika kila miezi sita na nyingine mara moja kwa mwaka, mbona hapo humkatalii? Unachagua anapokufaa.

#40 Mswahili wa Muscat
Namkatalia kote, sijapata tu muda wa kuorodhesha. Ofisi inanidai.

#41 Fundi Simu
Wakuu samahani nimechelewa, hizo picha mnaziona wapi bila kulipia? Nataka kumwonyesha binti yangu yuko form two anapenda kuchora.

#42 Msee wa Puebla
Codex Mendoza iko bure kwa site ya INAH, taasisi ya mambo ya kale ya Mexico, waliiweka 2015, unakuza mpaka unaona brashi. Ya Sahagún, taasisi ya Getty ya Marekani waliiweka yote 2023. Hapo mwambie atafute kitabu cha 10, watu wa kazi mbalimbali na wachuuzi, kila mmoja na anayefanya vizuri na anayefanya vibaya.

#43 Bi Ukili
Nimeifungua hiyo ya Sahagún usiku. Michoro yake ni mingine kabisa, ina vivuli, kapu lina tumbo la mviringo kama picha ya Kizungu, na msuko umekwaruzwa tu misalaba misalaba. Ya Mendoza ya 1540 msuko unafuatika, hii ya 1577 haufuatiki. Nadhani hawa wa pili walikuwa wanafunzi wa mapadri, wamejifunza kuchora kapu kabla ya kulisuka.

#44 Kalamu Nyekundu
Au walikuwa na haraka tu mama, kurasa ni nyingi mno na kulikuwa na tauni kubwa 1576, karatasi na rangi zilikuwa shida mpaka sehemu nyingine zimeachwa bila rangi.

#45 Bi Ukili
Haraka inaharibu rangi, haiharibu mshazari. Mkono unaojua kusuka ukiharakishwa unasuka vile vile. Nileteeni ukurasa mmoja wa Sahagún wenye kapu la mbili juu mbili chini nitanyamaza.

#46 Chapombe Mstaafu
Kalamu unaambiwa ulete ukurasa. Mimi nakwenda kulala, atakayeshinda anipigie.

#47 Kalamu Nyekundu
Natafuta. Ni vitabu 12, nipeni wiki.